Sura ya Tatu: Majani Chini ya Tuta

Mvua zinapoanza kuaga Ufipa, kati ya Machi na Aprili, nyasi za mashambani huwa zimefika kiunoni. Ndipo majembe yanapoingia. Mkulima hulaza nyasi, huzikusanya mafungu mafungu, kisha hukata mabonge ya udongo na kuyafunika juu yake, mizizi ikitazama mbinguni, mpaka lisimame tuta la mviringo mfano wa chungu kilichogeuzwa. Ukipanda basi kutoka Tunduma, ukishaipita Laela, unaweza kuyaona matuta hayo pande zote za barabara. Kwa Kifipa tuta la namna hiyo ni intumba. Jirani zetu Wamambwe, walioko Kalambo na ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, wana kilimo kama hicho na wao wanakiita fundikila.

Juu ya tuta mara nyingi hupandwa maharage. Chini, gizani, majani yanaoza. Yanaoza mwezi wa Mei wakati baridi inaingia. Yanaoza Juni na Julai, upepo unapopasua midomo ya watoto wanaokwenda shule. Yanaendelea Agosti na Septemba, wakati uwanda wote umekuwa wa kahawia na mgeni angeapa kwamba hakuna kinachofanyika shambani. Novemba mvua ikirudi, matuta hubomolewa, udongo wake mweusi husambazwa, na ulezi humwagwa. Wazee wetu walilisha watu kwa njia hii vizazi kwa vizazi, kabla hakujafika huku mfuko hata mmoja wa mbolea ya chumvichumvi.

Nilipokuwa na miaka saba au minane nilifukua tuta moja la bibi yangu. Zilikuwa zimepita wiki kama tatu tangu alifunike. Alinikuta nimepiga magoti, mikono imejaa udongo.

"Mjukuu wangu, unatafuta nini humo?"

"Naangalia kama yameshaoza, bibi."

"Haya, umeangalia. Sasa jua limeingia na upepo umeingia. Yarudishie, na usiguse tena mpaka mvua."

Sikupigwa. Lakini Novemba tuta lile lilipobomolewa lilikuwa na majani makavu katikati, magumu kama siku yalipofunikwa, na bibi alinionyesha bila kusema neno.

Huyo bibi ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akisali. Hakujua kusoma. Sala za asubuhi alizishika kichwani tangu alipokuwa mkatekumeni, na kila siku, kabla hajachochea moto, alipiga magoti karibu na mafiga, akafanya ishara ya msalaba, akasali kwa sauti ya chini ambayo sisi tuliolala pembeni tuliisikia kama mtu anayezungumza na mwenzake chumba cha pili. Akimaliza maneno alinyamaza kidogo. Kisha akachukua ndoo. Katika miaka yote niliyoishi naye sikumsikia hata siku moja akisema kwamba leo sala imemgusa, wala kwamba leo haikumgusa. Alisali kama alivyolima.

Mimi nilipokuwa kijana nikawa mtu wa kufukua. Nilisali siku nne, siku ya tano nikajikagua: hasira imepungua? Tamaa imepungua? Nina amani? Nikaona niko vilevile, nikaacha. Nikaanza tena Kwaresima, nikaacha kabla ya Matawi. Nikaenda mkesha, nikarudi nimewaka moto, wiki mbili baadaye moto umekuwa majivu. Miaka ikapita hivyo, nami nikajihukumu kwamba sikuumbwa kuwa mtu wa sala, kwamba hiyo ni karama ya mabibi na masista. Ninaiandika sura hii kwa ajili ya msomaji aliyechoka kuanza na kuacha, kwa sababu ninamjua. Nimekuwa yeye.

*

Kila mwenyeji wa Sumbawanga anajua jina la mji wake linavyofasiriwa: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Anayeingia anaambiwa autupe uchawi wake nje. Watu wa mikoa mingine hututania kwa jina hilo, na sisi wenyewe tunacheka nao. Mimi nimeacha kulicheka. Naliona ni amri, na tena ni amri ambayo hatujamaliza kuitekeleza.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe, walikipokea kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, kutoka kwa Wabelgiji waliokianzisha mwaka 1879. Kutoka mwambao huo imani ikapanda uwandani, ikajenga misheni, shule na seminari. Kabla ya hapo Mfipa alimjua Mungu kwa jina la Leza, jina ambalo wanalo pia watu wengi wa Zambia, lakini kumwendea Leza kila asubuhi kama mtoto anavyomwendea baba yake lilikuwa jambo jipya. Ilipofika miaka ya uhuru, sehemu kubwa ya Ufipa ilikuwa imebatizwa.

Na ni katika miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa Kamchape walipopita vijijini. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti wake Ufipa wakati huo, aliandika habari zao. Waliwataka wanakijiji watoe pembe na dawa walizozificha, wakawapa dawa ya kuwakinga, wakaahidi kijiji kisicho na mchawi tena. Wabatizwa hawakukosekana miongoni mwa waliowapokea.

Sisemi haya kuwadharau wazee wetu, maana sisi si bora kuliko wao. Mtoto akiugua ghafla leo, ng'ombe akifa bila sababu, fikra ya kwanza humwendea jirani. Tunakwenda misa au ibada Jumapili, na Jumanne usiku bundi akilia juu ya paa tunalala macho wazi. Nimejiuliza muda mrefu kwa nini ubatizo wa kweli na hofu ya kweli vinaweza kukaa katika nyumba moja kwa amani namna hiyo, na jibu nililolipata linaniuma: hofu hututembelea kila siku, na imani tumeipangia siku moja kwa juma.

Hofu ina ibada yake. Ina saa yake, ambayo ni usiku. Ina maneno yake, ambayo mtu huyarudia kimoyomoyo mpaka usingizi umchukue: fulani alinitazama vibaya, fulani hakula kwangu, fulani anajua kitu. Mtu aliyeyarudia maneno hayo kila usiku kwa miaka kumi amefanya tafakari ndefu kuliko watawa wengi. Mahubiri ya dakika 20, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayawezi kung'oa kilichopandwa kwa uaminifu wa miaka kumi. Kitu fulani kinafunikwa chini ya moyo kila siku, tupende tusipende, na kikishaoza ndicho tunachopandia maisha yetu.

Kwa sababu hii huwa sikubaliani na wanaosema kwamba tafakari ya kila siku ni ya mapadre, wachungaji na watu wenye nafasi. Mwenye nafasi ndogo, anayeishi karibu na hofu, ndiye anayeihitaji zaidi.

*

Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwawekea mapadre wake sheria ambayo wengi waliiona ni kali mno. Mtu mzima asibatizwe kabla ya matayarisho ya miaka 4, isipokuwa anapokaribia kufa. Miaka miwili ya kwanza alikuwa ni mtu wa kuomba tu, anajaribiwa nia. Miaka miwili iliyofuata ndiyo ukatekumeni wenyewe.

Hebu ipime sheria hiyo kwa kipimo cha Ufipa. Ni misimu minne ya ulezi. Matuta yanafunikwa, yanaoza, yanabomolewa, mara nne, na mtu bado anakaa kwenye benchi la katekista, bado anarudia Baba Yetu, bado anaulizwa maswali yaleyale. Wengine walikata tamaa wakaenda zao. Waliobaki walitoka na kitu ambacho semina zetu za wiki mbili haziwezi kukitoa: sala iliyozoeleka mwilini. Magoti yao yaliijua saa hata akili ikiwa bado imelala. Hata bibi yangu alipokuwa amezeeka na kuanza kuyasahau majina yetu, alikuwa bado anaamka gizani na kufanya ishara ya msalaba.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yananionyesha urefu ninaousema. Ni Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari walimkomboa huko Algeria, wakamlea, na baadaye akapelekwa Malta kusomea utabibu, kwa sababu Lavigerie alitaka Waafrika watakaokuwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema kwa msafara kutoka pwani. Akaoa hukohuko, mkewe akiitwa Agnes, na mwana wao Joseph akawa padre. Atiman hakuondoka tena. Alitibu watu na kufundisha dini palepale Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka zaidi ya 65. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga imebeba jina lake.

Watu wengi wanaopeleka wagonjwa pale hawajui jina hilo limetoka wapi, na natamani wangejua. Husifiwa kwa udaktari, naye anastahili. Kinachonishika mimi ni hesabu ya asubuhi zake. Miaka 65 ni asubuhi zaidi ya 23,000 katika kijiji kimoja kando ya ziwa: homa zilezile, vidonda vilevile, na kundi jipya la wanafunzi linaloanza swali la kwanza la katekisimu kana kwamba halijawahi kuulizwa duniani. Kazi ya katekista ni marudio matupu. Hapandi cheo kwa kufundisha Baba Yetu mara ya elfu. Na mtu huyu alikuwa na sababu zote za kuishi kwa uchungu, maana aliporwa wazazi, lugha na utoto wake. Angeweza kuutumia umri wake wote kudai alichoibiwa. Aliutumia kuosha vidonda vya watu ambao hawakuwa kabila lake.

Imani ya namna hiyo haizaliwi mkutanoni. Naipenda mikutano ya injili, nimepona vitu vingi huko, lakini inafanya kazi kama mbolea ya chumvichumvi: mahindi yanapanda haraka msimu huu, na mwakani lazima ununue tena. Udongo wenyewe hubaki ulivyokuwa.

*

Ndugu zetu Wamoravian, ambao leo wana Jimbo la Rukwa, wamekuja na desturi moja ambayo sisi Wakatoliki tunaweza kuipokea kwa shukrani. Kanisa lao liliingia nchini kupitia Rungwe mwaka 1891, lakini desturi ninayoisema ilianza mbali, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini wake maneno machache ya kushika siku ya kesho. Kulipopambazuka maneno hayo yalipelekwa nyumba kwa nyumba, nyumba zote 32 za kijiji. Mwaka 1731 maneno ya kila siku yakaanza kuchapwa katika kitabu, na kitabu hicho kinatoka hadi leo. Mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutwa mstari wa Agano Jipya wa kwenda nao. Husomwa katika lugha zaidi ya 50.

Nguvu ya desturi hii ni udogo wake. Sura nzima ya Biblia huwezi kuibeba kichwani ukiwa umejitwisha dumu la maji. Mstari mmoja unabebeka. Unakwenda nao kisimani, unauzungusha kinywani ukipalilia, unakutana nao tena saa saba mchana wakati mteja anakutukana sokoni, na hapo ndipo unapogundua kwamba asubuhi hukuuelewa.

Mchungaji Dietrich Bonhoeffer aliijua desturi hiyo. Juni 1939 alikuwa New York, mahali salama, rafiki zake wakitaka abaki huko vita isimkute kwao. Katika shajara yake ya wiki zile aliandika mistari ya siku na kuipima moyoni mwake. Julai akapanda meli, akarudi Ujerumani kuteseka na watu wake. Utawala wa Hitler ulimuua tarehe 9 Aprili 1945.

Natahadhari hapa, kwa sababu nawajua watu wangu. Bonhoeffer hakuutumia mstari kama ramli. Aliusoma kama mtu anayesemeshwa, siku baada ya siku, na uamuzi wake ukakomaa polepole. Kwetu kuna anayefumba macho, akafungua Biblia popote, akaweka kidole, akasema Mungu ameniambia nisimwoe huyu. Kuna anayelaza Biblia chini ya mto wa mtoto na haifungui kamwe, kama wazee walivyomfunga mtoto hirizi. Katika mji unaoitwa Sumbawanga hatuna ruhusa ya kufanya hivyo. Kitabu kisichosomwa, kikiwekwa kitandani kufukuza wachawi, kimegeuzwa kuwa dawa ya Kamchape.

*

Sasa niseme namna ninavyofanya mimi, ili msomaji achukue kinachomfaa.

Nchi yetu yote inatumia saa moja, lakini jua halitumii saa ya serikali. Mwezi wa Juni Dar es Salaam kunakuwa kumekucha saa kumi na mbili na nusu. Sumbawanga, kwa kuwa tuko magharibi zaidi, jua hutoka yapata saa moja. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi kwetu ni giza, na ni baridi, na mji uko kimya isipokuwa jogoo na kengele ya kanisa. Nusu saa hiyo naiona ni zawadi ambayo Mungu amewapa watu wa Rukwa bila kuiomba. Injili ya Marko, sura ya kwanza, mstari wa 35, inasema Yesu naye aliamka kungali giza, akaenda mahali pa faragha kusali. Na hiyo ilikuwa baada ya siku ndefu, mlango umejaa wagonjwa mpaka usiku.

Najifunika blanketi mabegani na kukaa kwenye kiti kilekile. Kulala kitandani na kusema nasali ni kujidanganya, Juni itakushinda. Simu naiacha chumba kingine, maana bando likiwashwa kabla ya Neno, Neno halipati nafasi tena. Kwa anayeanza nashauri Marko, kwa sababu ina sura 16 tu, na ukisoma nusu sura kwa siku unaimaliza kwa mwezi mmoja na siku mbili. Zaburi ziko 150; moja kwa siku ni miezi mitano. Soma kwa sauti, polepole, mara mbili. Neno moja likikushika, simama hapo, usikimbilie kumaliza. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, na mwanzoni dakika tatu zitakuwa ndefu kama misa ya sherehe.

Baada ya hapo nawataja mbele ya Mungu watu watatu kwa majina yao. Wawili ni wale ninaowapenda. Wa tatu ni lazima awe mtu ninayemhofu au kumshuku.

Hili la tatu nilijifunza kwa katekista mmoja mzee, ambaye sote tulimwita mwalimu. Nilimwendea nikiwa na shauri la jirani yangu. Ukoo wake na wetu ulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu baba zetu, na mwaka ule tulizika watoto wawili upande wetu. Kila mtu alijua nani anatajwa usiku.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele, amina. Karibu, mwanangu. Uso wako haujalala."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyo jirani yako, watoto wake wanaitwa nani?"

Nilimjua mmoja. Wengine sikuwajua, ingawa walipita mbele ya nyumba yangu kila siku kwenda shule.

"Basi nenda ukajifunze majina yao, uwaombee wao kabla ya baba yao. Siku 40. Usije kwangu kabla."

Nilikasirika. Nilifanya hivyo kwa hasira, meno yameuma, wiki nzima ya kwanza. Sitasema kwamba yule jirani alibadilika, hakubadilika, na mpaka ule wa shamba bado unabishaniwa. Lakini huwezi kumwombea mtoto wa mtu apone kikohozi kila alfajiri kwa siku 40, kisha usiku ukaendelea kuamini kwa moyo uleule kwamba baba yake anakuua. Kimoja kitamfukuza mwenzake. Yule mzee alijua vizuri kuliko mimi kazi ya kuutupa uchawi inaanzia wapi.

Saa si lazima iwe alfajiri. Kule Kirando na Kipili wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, taa zikiwaka majini, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Mmoja wao aliniambia yeye husali wakati taa zinazimwa na mtumbwi unageuka kurudi ufukweni, mikono ikiwa bado inanuka samaki, kwa sababu akifika nchi kavu wachuuzi watamkamata na baada ya wachuuzi ni usingizi. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kusali anaponyonyesha saa nane usiku. Kijana wa bodaboda anaweza kukaa juu ya pikipiki yake kijiweni dakika kumi kabla hajabeba abiria wa kwanza. Ninachokikataa ni kusema nitasali nikipata nafasi. Haipatikani. Hata mana jangwani, katika kitabu cha Kutoka, iliokotwa asubuhi kwa asubuhi, na iliyowekwa akiba kwa uvivu ilioza na kutoa funza, isipokuwa ile ya sabato.

Wala usibaki peke yako. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha Kanisa, na hadi leo majirani wa nyumba kumi au kumi na tano hukutana kila juma kuisoma Injili. Anayesali peke yake siku sita huenda jumuiya akiwa na neno la kutoa. Na anayekwenda jumuiya bila kusali siku sita, mara nyingi hutoa hotuba.

*

Kitakuja kiangazi. Nakuambia mapema ili kisikushangaze. Utafungua kitabu na maneno yatakuwa kama mchanga. Mimi kilinijia baada ya kumzika mama yangu, kikakaa karibu miaka miwili. Niliamka kwa sababu saa ilifika, nilikaa kwa sababu kiti kilikuwapo. Katika Biblia kuna Zaburi moja, ya 88, ambayo haina faraja hata mwishoni. Mwimbaji anaimaliza akiwa bado gizani. Niliisoma mara nyingi kuliko nyingine zote, nikamshukuru Mungu kwamba aliiacha ndani ya kitabu chake. Aliyeisali alikuwa hajapata jibu, na bado alikuwa anasema na Mungu.

Miaka hiyo ndiyo niliyojifunza kuacha kufukua. Sikuwa na nguvu ya kujipima. Na ni mke wangu, si mimi, aliyeona kitu. Usiku mmoja, tumekaa jikoni, akaniambia, "Baba watoto, siku hizi bundi akilia huendi tena kuangalia komeo." Nilikuwa sijui. Sijakumbuka mpaka leo ni lini niliacha.

Kwa hiyo, ndugu yangu msomaji, kesho tegesha kengele saa kumi na mbili kasoro robo, na simu uiweke mbali ili uinuke kuizima. Chukua blanketi. Fungua Marko sura ya kwanza, soma mistari minane ya kwanza, kwa sauti, mara mbili. Nyamaza. Taja majina matatu, na la tatu unalijua tayari. Ukikosa siku moja, usihesabu upya, endelea kesho yake. Fanya hivyo baridi yote na kiangazi chote, na usijikague mpaka mvua za Novemba.